Kutafuta Kazi Nako Kuna Nauli

Saa tano na dakika ishirini usiku, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi za ualimu, kaka mmoja aligonga grili ya steshenari ninakofanya kazi, Kihonda, Morogoro. Mashine ya kopi nilikuwa nimeshaizima. Nilibaki na kompyuta moja na wateja wawili waliokuwa wanasubiri zamu. "Dada, shikamoo," akasema. Nikaitikia marahaba, ingawa kwa kumtazama tu alikuwa amenizidi miaka mitano au zaidi. Mtu mwenye shida ya mtandao saa zile humwamkia yeyote.

Alikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Akatoa karatasi moja moja na kuzipanga juu ya kaunta kama anayegawa karata: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha digrii ya ualimu, na karatasi ya matokeo ya kidato cha sita.

"Cheti chenyewe cha kidato cha sita kiko wapi?"

"Kiko shuleni, dada. Kuna deni la ada."

Nikamweleza kwamba tangazo limesema wazi: karatasi ya matokeo haipokelewi, wanataka cheti, tena nakala iliyogongwa mhuri wa wakili. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa daktari ameshaondoka. "We weka tu," akasema. "Mungu yupo."

Nikaweka. Mtandao ukazunguka, ukatutoa, tukaingia tena. Paswedi akawa ameisahau, tukaomba mpya, ujumbe ukachelewa kuingia kwenye barua pepe. Saa tano na dakika hamsini na mbili maombi yakapokelewa, akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Kujaziwa maombi kwetu ni shilingi elfu tatu. Mfukoni alikuwa na elfu moja. Nikaandika deni la elfu mbili, akashukuru mara tatu, akaondoka kwa miguu kuelekea Msamvu.

Nilifunga duka nikiwa na jambo moja linanikera. Nilikuwa nimemtoza mtu kwa kupandisha maombi ambayo nilijua yatatupwa.

Mimi nina digrii kama ile yake. Nimesomea ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia, nikahitimu 2018. Ninayoyasimulia hapa nimeyaona kutoka pande mbili za kaunta ileile, upande wa anayeomba na upande wa anayelipwa kumjazia.

Juni 2014 nilikuwa namalizia kidato cha tano. Mwalimu wa zamu akaja darasani na gazeti lenye picha ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, majukwaa yamejaa watu. Haikuwa Simba na Yanga. Walikuwa vijana zaidi ya elfu kumi walioitwa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Darasa zima tulicheka. Jirani yangu wa dawati akasema hao walisomea vitu visivyoeleweka, sisi tunaenda ualimu, na mwalimu hakosi kituo.

Hakuwa mjinga kusema hivyo. Miaka ile mwalimu akimaliza chuo alikuwa anasubiri majina yatoke, anatafuta jina lake kwenye orodha ndefu, anaona halmashauri aliyopangiwa, anafunga begi. Manung'uniko yalikuwa ya kupelekwa mbali. Nikaingia chuo mwishoni mwa 2015. Mwaka uliofuata serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli akakabidhiwa majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nasi mabwenini tukashangilia kama tumefunga goli. Tulipiga hesabu ya haraka: wakiondoka hao, viti vyao ni vyetu. Hesabu hiyo ilisahau kuwahesabu waliotutangulia kuhitimu, ambao nao walikuwa wamesimama nje ya mlango uleule. Na ajira za ualimu ziliporudi kidogokidogo, waliotakiwa kwanza ni wa hisabati na sayansi. Kiswahili na Historia tulikuwa wengi kama kumbikumbi.

Siku ya mahafali mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alinipa mkono na kuniuliza, "Haya, umepangiwa wapi?" Nikadhani anatania. Kumbe kwake yeye kuhitimu na kupangiwa ni kitu kimoja, kwa sababu kazi ilimfuata chuoni kwa barua. Nikamjibu, "Bado, mjomba, majina hayajatoka." Jibu hilo nilimpa miaka mitatu mfululizo, mpaka akaacha kuuliza. Alipoacha niliumia zaidi kuliko alipokuwa anauliza.

Chuoni tulikuwa tunaishi kwa bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, shilingi 8,500 kwa siku wakati ule, na tulijua kuinyoosha mpaka itoshe. Nilivyorudi nyumbani nikaendelea na tabia hiyo ya kuandika kila senti. Nikanunua daftari dogo nikaliandika jalada: KUTAFUTA KAZI. Ukurasa wa kwanza, Machi 2019, unasomeka hivi:

Picha za pasipoti, nne, 3,000. Kopi, 1,200. Wakili, vyeti vinne, 12,000. Bahasha na posta, 4,500. Nauli ya Dar kwenda na kurudi, 16,000. Daladala, 1,600. Chakula, 2,500. Viatu vya mtumba, 25,000 (kimoja kimeachia soli Ubungo).

Safari hiyo ilikuwa ya usaili wa shule ya binafsi ulioahirishwa nikiwa nimeshafika getini. Desemba nikajumlisha mwaka mzima: 386,500. Mama yangu anauza mboga soko kuu. Wakati ule fungu la mchicha lilikuwa shilingi 200. Nikagawa. Ni zaidi ya mafungu 1,900, na hapo sijatoa mtaji wake wa kwenda kuchukua mzigo alfajiri. Sikumwonyesha hesabu ile. Nikawa najitahidi kuamka kabla yake nimbebee ndoo, basi.

Daftari lile ndilo lililonifumbua macho juu ya jambo ambalo chuoni hakuna aliyelisema. Foleni ya kazi ina nauli. Wenzangu wawili waliopata mapema hawakunizidi jipiei, yaani wastani wa alama za chuo. Mmoja alikuwa anakaa Temeke kwa dada yake, mwingine Tabata kwa baba mdogo. Wakiitwa usaili kesho asubuhi, wanapiga pasi shati na kupanda daladala. Mimi nikiitwa kesho asubuhi, usiku huu nianze kutafuta wa kunikopesha nauli, na kulala kwenye kiti cha stendi. Mara mbili nilikosa usaili kwa sababu ya elfu kumi na sita. Mtu akisema vijana wa siku hizi hawajitumi, mimi humuuliza kwanza anakaa wapi.

Agosti 2019 nikapata. Shule ya binafsi, mkoa wa jirani, sitaitaja. Tulikubaliana kwa mdomo 280,000 kwa mwezi, na "barua ya ajira utaletewa". Nilifundisha Kiswahili vidato vitatu, Historia viwili, nikapewa na zamu ya bweni la wasichana. Kufundisha nilikupenda, niseme ukweli. Kuna asubuhi nilikuwa natoka darasani sauti imekauka nikiwa na furaha ya mtu aliyeshiba.

Shida ilikuwa tarehe za mishahara. Mhasibu alikuwa na droo yenye kufuli dogo. Unaingia, anahesabu noti za elfu mbilimbili mpaka zinafika sitini au themanini elfu, anakuambia nyingine wiki ijayo, kisha anakugeuzia kitabu usaini. Kwenye kitabu imeandikwa 280,000. Tulisaini wote. Mwalimu mmoja wa hesabu alikataa mara moja, akaambiwa aache na chaki mezani.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Mkuu wa shule akatuambia twende nyumbani tutapigiwa simu. Kufikia 29 Juni zilikuwa zimefunguliwa kwa madarasa yote. Simu haikuja. Nilidai mishahara ya miezi miwili, nikapiga mpaka namba yangu ikazuiwa.

Miezi minane baadaye, nikiwa tayari niko steshenari, wakili anayetugongea mihuri alikuwa amesimama akisubiri kopi zake. Katika kupiga soga nikamsimulia. Akaniuliza, "Ulienda Tume?" Tume gani? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akanieleza kwamba sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kwamba anayelalamikia kuachishwa anatakiwa afungue shauri ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Mimi nilikuwa siku ya mia mbili na kitu. Kopi zake zikatoka, akalipa mia tano, akaondoka. Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu, nikafundishwa mpaka vita vya Majimaji vilivyoanza kwa maji ya Kinjekitile, lakini kwamba nina siku 60 za kudai mshahara wangu niliambiwa na mteja wa kopi.

Tangu hapo, kila mwalimu kijana anayekuja kuchapisha barua ya kukubali kazi shule ya binafsi namuuliza kama amepewa mkataba. Wengi hucheka. "Dada, we acha tu, nikidai mkataba nitakosa na kazi." Sina jibu la kuwapa. Nawaambia angalau wasisaini pesa ambayo hawajapokea, na kama wamelazimika, wajitumie ujumbe wa simu siku hiyohiyo wakiandika walichopewa.

Steshenari niliingia Julai 2020 kwa kujishikiza. Neno lenyewe linakuambia mtu anayelitumia anajionaje: ameshika tawi huku anaangalia mti mwingine. Mwenye duka, ambaye wote tunamwita Mzee, alinipa elfu tano kwa siku. Wiki ya tatu akaingia binti wa kidato cha nne kutoka ile shule, amekuja kwa shangazi yake. Akanitazama nyuma ya mashine, mikono ina wino. "Madam?" Nikamwambia niko hapa kwa muda tu. Akalipia kopi zake sita, akasimama kidogo, akauliza, "Kwa hiyo Historia nisiendelee nayo kidato cha tano?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza barabara. Nilimjibu aendelee kama anaipenda. Mpaka leo sijui kama nilimshauri vizuri.

Ila kile kiti kilinifundisha foleni ilivyo kwa ndani. Nilipokuwa naomba mwenyewe, niliamini kama wengi kwamba karatasi zikishaingia kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, huko ndani kuna mtu anachagua shemeji zake. Baada ya kujaza maombi ya watu mamia, nikaona ni wangapi wanaanguka kabla hata ya kufikiwa na shemeji wa mtu. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inasema Hadija, cheti kinasema Khadija, na hana hati ya kiapo ya kuoanisha majina. Nakala haina mhuri wa wakili. Mhuri upo, lakini umegongwa mwaka juzi juu ya picha hafifu isiyosomeka. Barua imeelekezwa kwa Katibu wa ofisi isiyohusika, kwa sababu imenakiliwa kutoka maombi ya zamani.

Barua hizo zingenitosha kuandika kitabu. Kuna moja ilizunguka Morogoro nzima: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa na pia chini ya usimamizi." Nimeichapa kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa dereva, kwa mpima ardhi. Siku moja mteja akaniletea kwenye flashi, nikaifungua, chini kabisa bado kulikuwa na jina la mtu mwingine. Ndipo nikaanza kuwakalisha. Nawauliza: umefanya nini kwa mikono yako? Fildi ulikuwa wapi, ulikabidhiwa nini? Dada mmoja wa maendeleo ya jamii alijibu "hakuna", halafu katika mazungumzo ikatoka kwamba alikuwa katibu wa vikoba vya mama yake miaka minne, anashika vitabu vya wanachama thelathini. Hilo tukaliweka mstari wa kwanza. Digrii yangu ya Kiswahili ilirudi kazini pale, kwenye kuwatolea watu sentensi zao wenyewe.

Na usinione mjanja. Mwaka 2022 ilitoka nafasi ya afisa utamaduni, digrii ya Kiswahili inakubaliwa. Nilijaza yangu saa nne usiku baada ya kuwajazia watu kumi na mmoja. Barua yangu ilikuwa nzuri, nimeisoma mara nne. Sikuisaini. Niligundua nilipoona kwenye akaunti kwamba sikuitwa, pamoja na sababu. Mzee aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. Fundi viatu, akasema, na mimi nikamwambia asimalizie.

Sasa, koneksheni. Ipo. Nimeona mtu akija kuchapisha sivii baada ya kuwa ameshaanza kazi, ili tu faili lake lisibaki tupu. Kwenye kampuni za binafsi mambo hayo hayafichwi hata kidogo, na sioni haja ya kujifanya nashangaa. Lakini nimeona pia kijana wa mama muuza maandazi wa mtaa wa pili akipangiwa kituo Katavi, na hakuna hata mbunge anayemjua kwa jina. Kinachonitia hofu ni wale walioshawishika kabisa kwamba bila mtu huendi popote, kwa sababu hao ndio wanaoliwa. Binti mmoja mhasibu alikuja niskani risiti za kutuma pesa kwa simu: laki moja, laki moja, elfu themanini, tena elfu ishirini "ya mtu wa mfumo". Laki tatu. Anayetumiwa alijitambulisha kama ofisa wa huko huko ndani, na kila alipoulizwa alikuwa na jibu. Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayosimamia usaili, wanatangaza kila mara kwamba nafasi haziuzwi. Binti alikuwa amesoma tangazo hilo. "Nilijua wanasema hivyo kwa ajili ya watu wa kawaida," akaniambia. Skani ile sikumtoza.

Wanaotuambia tujiajiri nao nimewasikiliza, tena kwa vitendo. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwishoni mwa 2022 tukaungana vijana watano, kwa kuwa kikundi kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua hao. Mimi, fundi kompyuta mmoja, wahitimu wawili wa biashara na dada anayeshona. Mpango ulikuwa steshenari yenye mashine mbili, karibu na chuo. Tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukachanga elfu ishirini ishirini, tukamzungukia afisa maendeleo ya jamii wa kata mpaka tukawa tunajua siku zake za kliniki ya mtoto. Mimi ndiye niliyeandika andiko la mradi, na lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika chuoni.

Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu wake utazamwe upya, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazijarejeshwa na vikundi vingine havipo. Sikulaumu uamuzi huo. Nimechapa katiba za vikundi vya aina hiyo, najua. Lakini sisi tulikuwepo. Ilipofunguliwa tena 2024, fundi kompyuta alikuwa ameshaenda Mbeya, mmoja wa biashara anaendesha bajaji ya mkataba na hana muda wa vikao, na dada wa kushona ameolewa Kilosa. Watano walibaki wawili. Laki moja yetu ilikuwa imeshaliwa na makato ya benki ikabaki 61,000. Tuligawana.

Ninaponung'unika hivyo, Mzee huniambia kwamba yeye hakukopeshwa na mtu. Kweli. Ila alianza na fedha ya kiinua mgongo cha miaka ishirini na nane ya utumishi, aliyoajiriwa kwa barua, kama mjomba. Hilo nalo halipendi likisemwa.

Julai 2024 nafasi za ualimu zikatangazwa kupitia Sekretarieti, na safari hii hakuna cha kupangiwa moja kwa moja: ni usaili kama kada nyingine. Ndipo usiku ule wa yule kaka na bahasha yake. Usaili wenyewe ulifika Januari 2025, na takwimu zikatajwa hadharani: nafasi 14,648, waombaji 201,707. Kwa kila nafasi moja, watu karibu kumi na wanne. Nikakumbuka tulivyocheka 2014.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao laki mbili. Safari hii nilisaini. Ukumbini nilikaa nyuma ya mwanamke aliyempakata mtoto mpaka dakika ya mwisho, kisha akamkabidhi kwa mama yake mlangoni. Mtoto akalia, naye akaandika jina lake huku amegeuza shingo. Kulikuwa na wanaume wenye mvi za pembeni. Mmoja aliniambia amehitimu 2015 na kwamba maswali ya mbinu za kufundishia amejifunza upya kutoka kwa mwanawe anayesoma chuo cha ualimu. Hakuna aliyecheka pale ndani. Watu walikuwa wanaazimana kalamu kwa upole wa msibani.

Nilifaulu wa kuandika, nikafika kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Wakaniuliza nitafanyaje darasa likiwa na wanafunzi tisini na vitabu kumi. Nilijibu kwa dakika nzima bila kukohoa, maana niliwahi kuwa na darasa la hivyo. Jina langu liko kwenye kanzidata: nimefaulu, nafasi hazikutosha. Mama aliuliza kanzidata ni wapi, kama ni mbali na Dodoma.

Machi mwaka huohuo ikaja TRA, Mamlaka ya Mapato. Walioomba walikuwa 135,027 kwa nafasi 1,596. Wiki ya kuitwa kwenye usaili tulimaliza rimu sita za karatasi na chupa mbili za wino, foleni ikatoka mpaka kwenye duka la dawa. Jioni Mzee alihesabu pesa akifurahi, akanipa elfu kumi ya juu. Niliipokea. Nikawaza kwamba nchi ikipata ajira za kutosha, duka hili litabaki na mialiko ya harusi na kopi za leseni. Mwezi uliofuata tukakubaliana niache kulipwa kwa siku, nichukue theluthi ya mapato ya meza ya maombi. Kwa mwezi mzuri inazidi kile nilichokuwa nasainishwa shuleni, na napewa yote.

Kipo kitu kimoja nilichobadilisha baada ya usiku wa bahasha. Sasa naangalia karatasi kwanza, kabla ya kufungua akaunti ya mtu. Kama kuna kinachokosekana namwambia, nampa orodha ya kuandika kwa mkono wake, na hiyo ni bure. Wapo wanaokasirika wakasema nawazuia riziki, wakaenda duka la ng'ambo ya barabara ambako wanajaziwa bila maswali. Mzee anazijua sura zao, na huniangalia kila wanapovuka.

Yule kaka alirudi Mei. Shikamoo tena, nami nikaitikia tena, nishazoea. Nafasi nyingine imetoka, halmashauri moja huko Lindi. Akaipanga bahasha juu ya kaunta, karatasi moja moja, na ya nne ilikuwa bado ni ileile ya matokeo.

"Deni la shule limebaki kiasi gani?" nikamuuliza.

"Laki moja na arobaini."

Tukakaa tukapiga hesabu. Kwa kujaza maombi, kopi na mihuri, tangu ahitimu, kwa kumbukumbu zake tu, alikuwa ameshatumia zaidi ya laki mbili kutuma ile karatasi. Alinyamaza. Kisha akaniambia siku ya mwisho ni kesho saa sita usiku, na laki moja na arobaini hana, ila elfu moja anayo.

Nikawasha kompyuta. Deni lake kwenye daftari sasa ni elfu nne.